Furu wa Bibi

Watu wa leo wakisikia Biharamulo hawafikirii ziwa, nami siwalaumu. Mwaka 2005 wilaya ya Chato ilimegwa kutoka kwetu, ikaondoka na ufuko wa Nyamirembe na mialo yake, na mwaka 2012 Chato nayo ikatolewa katika mkoa wa Kagera na kuingizwa katika mkoa mpya wa Geita. Sisi tuliobaki huku juu tulibakiwa na boma la Wajerumani, mapori, na barabara ya kwenda Ngara. Lakini mimi nilizaliwa Nyamirembe wakati Nyamirembe ilipokuwa bandari ya Biharamulo, na jambo ninalotaka kulieleza hapa lilianzia pale ufukoni, kwa samaki mdogo ambaye wakubwa hawakumhesabu kuwa samaki.

Furu ni jina moja lililobeba samaki mamia. Wengi wao hawakuzidi kiganja cha mkono. Bibi yangu mzaa mama aliwanunua kwa makarai kutoka kwa vijana wa kokoro, akawapasua, akawatunga kwenye vijiti vya matete na kuwaanika juu ya paa la jiko. Mvua ikiwa nyingi aliwabanika kwa moshi. Mtoto aliyekuwa akiinuka kutoka kwenye surua alipewa mchuzi wa furu wakavu. Baadaye, nilipopata marafiki wa Kiganda, niligundua kuwa na wao huko ng'ambo ya ziwa humpa mtoto wa surua samaki huyo huyo, nao humwita nkejje. Wajaluo humwita fulu. Ziwa moja, samaki mmoja, na akina bibi wa nchi tatu wenye dawa moja.

Bibi hakujua kusoma, lakini alijua kuwatenganisha. Alipokuwa akiwapasua alinionyesha yule mwenye taya nene la kuvunjia konokono, yule mwenye mdomo wa kuchokoa katikati ya mawe, na yule mrefu mwenye mdomo mpana ambaye tumboni mwake hukosi kukuta furu wenzake. Alinionyesha pia madume wenye rangi, wekundu na wa buluu, walivyokuwa wakififia rangi wakiwa bado mikononi mwake. Alipomkuta jike aliyebeba watoto mdomoni, maana ndivyo furu wanavyolea, alimtia kwenye karai la maji na kunituma nimrudishe ziwani. Sidhani kama wengi walipona. Lakini nilikwenda, kwa sababu Bibi alisimama mlangoni akiniangalia.

Nilipomaliza chuo cha ualimu na kupangiwa shule huku Biharamulo mwaka 1974, nilikuwa nimekwisha kujifunza kuwadharau. Vitabu vya Kiingereza tulivyosomeshwa viliwaita furu samaki takataka. Uchunguzi wa nyavu za kukokota uliofanywa ziwani kati ya mwaka 1969 na 1971 ulikuwa umeonyesha kwamba furu walikuwa kiasi cha asilimia 80 ya uzito wa samaki wote wa maji ya chini. Na hesabu hiyo, badala ya kumstaajabisha mtu, ilionekana kama habari ya shamba lililojaa magugu. Katika miaka hiyo ya 1970 kiwanda kilijengwa Mwanza cha kuwasaga wawe chakula cha mifugo. Nami mwalimu kijana niliandika ubaoni kwamba Ziwa Victoria lina samaki wengi wasio na thamani, na kwamba maendeleo yatawabadilisha. Wanafunzi walinakili. Likizo ilipofika nilimweleza Bibi. Akanitazama kwa muda, kisha akasema: "Basi sisi tumekula takataka miaka yote hii, mume wangu. Na wewe umekulia nini?"

Sangara hakuingia ziwani mwenyewe. Aliletwa kutoka maji ya kaskazini, kwanza upande wa Uganda katika miaka ya 1950, kisha akaongezwa mwaka 1962 na 1963 upande wa Uganda na Kenya. Fikra ilikuwa nyepesi kueleweka: ziwa limejaa vidagaa vyenye miiba, basi tumlete samaki mkubwa avile, avigeuze kuwa minofu. Hawakukosekana wa kuonya. Mwingereza mmoja mtaalamu wa samaki, Geoffrey Fryer, aliandika mwaka 1960 kwamba jambo hilo lisifanywe. Kwa miaka ishirini ilionekana kama kwamba alihofu bure, maana sangara walikuwa wachache. Halafu wakalipuka: mwishoni mwa miaka ya 1970 kule Kenya, baadaye kidogo Uganda, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 huku kwetu kusini.

Wa kwanza mkubwa niliyemwona Nyamirembe alibebwa na vijana wawili kwa mti mabegani, mkia ukiburuta mchangani. Watoto walimfuata kama wanaofuata gari la serikali. Samaki huyu aweza kufikia uzito wa kilo 200, na mtu aliyezoea furu hana akili ya kupokea jambo kama hilo kwa siku moja. Wengine walimwita mkombozi, na sitaki kumcheka aliyemwita hivyo. Mdogo wangu alijenga nyumba ya bati kwa fedha za sangara. Watoto wa mialo walisomeshwa kwa sangara. Viwanda vya minofu vilipofunguliwa Mwanza, samaki wetu alikwenda Ulaya kwa ndege, na sisi tukajifunza kununua mapanki, yaani mifupa na vichwa vilivyobaki baada ya minofu kukatwa. Mwenye kutaka kulia na alie, mwenye kucheka na acheke. Mimi nimeyala mapanki, na yakikaangwa vizuri hayana ubaya.

Lakini furu walikwisha. Mwaka 1977 kikundi cha watafiti Waholanzi kutoka Chuo Kikuu cha Leiden kilikuwa kimeanza kazi Mwanza, pamoja na wenzao wa Tanzania, kuwachunguza furu. Miongoni mwao alikuwa Frans Witte, aliyewashughulikia samaki hawa hadi kifo chake mwaka 2013. Watu hawa walikuja kuwapa majina furu. Kabla hawajamaliza kazi, wenye majina wakaanza kutoonekana. Samaki waliokuwa wakijaza nyavu katika ghuba ya Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, miaka michache baadaye katika maji ya wazi hawakupatikana. Inakadiriwa kwamba kati ya spishi 500 na zaidi za furu wa ziwa hili, kama 200 zilitoweka. Wale warefu wenye midomo mipana wa Bibi, waliokula furu wenzao, walikuwa zaidi ya spishi 100, nao ndio walioumia kuliko wote. Si sangara peke yake. Udongo wa mashamba yetu ulikuwa ukiteremka na mvua, mbolea na uchafu wa miji vikirutubisha mwani, maji yakachafuka, na kule chini kwenye kina hewa ya kuvuta samaki ikapungua. Furu aliyemkimbia sangara kwenda kilindini alikuta hakuna pumzi.

Bibi aliugua mwaka 1988. Katika siku zake za mwisho hakutaka ugali wala uji, akataka mchuzi wa furu. Nilizunguka mialo siku tatu kutoka Nyamirembe kwenda mbele. Nilionyeshwa sangara wa kila kimo, nilionyeshwa dagaa, nilionyeshwa sato. Mzee mmoja aliniuliza kama nimetoka safari ya mbali, hata nikaulizia furu. Nikarudi na dagaa. Bibi aliionja supu, akarudisha kijiko, akasema asante. Hakusema neno jingine juu ya jambo hilo, na mimi sikusema kwamba ubaoni niliwahi kuandika maneno yale.

Nadhani ni tangu siku hizo nilipoanza kusoma habari za viumbe waliokwisha. Nilikuwa nikifundisha jiografia, na katika jiografia habari hizo hupitiwa haraka haraka, aya mbili na mchoro wa dinosaria. Nilianza kukaa nazo.

Wanaosoma mawe wanatuambia kwamba maangamizi makubwa kuliko yote yalitokea miaka milioni 252 iliyopita, mwisho wa kipindi kinachoitwa Pemiani. Volkano za Siberia zilimwaga moto na gesi kwa muda mrefu sana, dunia ikapata joto, na bahari ikakosa hewa. Zaidi ya spishi nane katika kila kumi za bahari zilikufa. Niliposoma hapo nilisimama, maana lile neno la kukosa hewa nilikuwa nimelisikia kwa wavuvi. Kisha vitabu vinaendelea kueleza waliorudi, na hapo ndipo penye mambo. Wapo waliorudi mbio. Amonaiti, wanyama wa bahari wenye kombe lililojiviringa, jamaa za ngisi na pweza, walibaki ukoo mmoja mmoja tu. Lakini katika miaka milioni moja au mbili walikuwa wamejaa tena baharini kwa aina nyingi kuliko kabla ya balaa. Wengine hawakurudi kabisa. Matumbawe ya kale yalikwisha yote. Haya tunayoyaona leo Mafia na Zanzibar ni ya ukoo mwingine, ambao visukuku vyake vinaanza kuonekana kama miaka milioni kumi baada ya maangamizi yale. Mtalii anapiga mbizi na kusema matumbawe ni ya tangu na tangu. Kumbe ni wapangaji walioikuta nyumba tupu.

Na wapo waliosalia bila kurudi. Kule Tendaguru, mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, tabaka za mifupa zimepishana na tabaka za bahari, na baadhi ya tabaka hizo za bahari zilipewa jina la chaza mmoja, Trigonia. Kila mtu anazijua habari za yule mnyama mrefu aliyepelekwa Berlin, lakini chaza hana wa kumsimulia. Ukoo wake ulijaa katika bahari za wakati huo. Miaka milioni 66 iliyopita, dinosaria walipokwisha, nao ukadhaniwa umekwisha, hadi mwaka 1802 kombe la chaza wa ukoo huo lilipookotwa Tasmania. Wapo hadi leo, wachache, katika bahari ya Australia tu. Yule wa Tendaguru angewaona asingejua kama ni wajukuu au wageni.

Hata kamongo wetu, ambaye Bibi hakumla kwa sababu ya sura yake ya nyoka, ana habari ndefu. Ukoo wake wa samaki wenye mapafu una umri wa miaka milioni 400 na zaidi, na mababu wa mwanzo visukuku vyao hupatikana katika mawe ya baharini. Maangamizi ya Pemiani yaliwapitia, ya dinosaria yakawapita, na leo kamongo anauzwa kwa fungu pale sokoni, akiwa bado anahema ndani ya beseni.

Basi nilikuwa na mpwa wangu, kijana mwenye kusoma, ambaye kila tukizungumza habari za furu alinikuta na huzuni. Siku moja akaniambia: "Lakini mjomba, ziwa lenyewe liliwahi kukauka. Mbona furu walirudi?" Nikadhani ananitania. Hakuwa akinitania.

Ziwa Victoria ni kubwa, kilomita za mraba 68,800, lakini si la kina. Pale penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80. Si Tanganyika. Ni maji yaliyotandazwa juu ya sahani. Wataalamu walishusha mabomba katika sakafu ya ziwa na kutoa tope kwa urefu, kama mtu anayetoa uboho kwenye mfupa, na mwaka 1996 wakatangaza kwamba chini ya tope la ziwa la leo wamekuta udongo wa nchi kavu na wa kinamasi, wenye vijizizi vya majani vilivyosimama wima. Uchunguzi uliofuata umerekebisha tarehe. Yalikuwa majira ya ukame mkali, miaka kama 17,000 hadi 15,000 iliyopita, na ziwa lilikauka, pengine zaidi ya mara moja. Pale ninapomkumbuka Bibi akiangalia maji hadi kwenye kisiwa cha Rubondo na kusema maji haya hayana mwisho, palikuwa na nyasi.

Mvua ziliporudi, bonde likajaa. Na samaki wakaja, wakitoka katika mito na vinamasi vilivyosalia pembezoni. Mwaka 2023 ilichapishwa kazi ya Nare Ngoepe na wenzake, waliochambua maelfu ya visukuku vya samaki kutoka katika tope hilo, vingi vikiwa ni meno. Jino la furu ni dogo kuliko punje ya ulezi. Lazima ulitafute kwa darubini ukiwa umeliosha kutoka kwenye udongo. Lakini kwa meno wanajua nani alikuwa wapi na lini. Wamekuta kwamba furu hawakufika peke yao wala hawakuwatangulia wenzao. Jamii ya ningu, jamii ya kambare, jamii ya sato, wote waliingia karibu wakati mmoja katika ziwa changa lililokuwa bado na kina kifupi. Kisha ziwa likazidi kina. Wengine wakabaki kandokando au wakapungua. Furu wakateremka na kwenda mbele, wakagawana ziwa. Huyu akachukua konokono, huyu mwani wa mawe, huyu wadudu, huyu wenzake. Zaidi ya spishi 500 katika miaka kama 16,000. Bahari ilihitaji mamilioni.

Kwa nini waliweza? Waliochunguza damu zao wanasema furu wa ziwa hili ni machotara. Mababu zao walitoka katika koo zilizokuwa zimeachana kwa muda mrefu sana, nyingine za maji ya Nile na nyingine za upande wa Kongo, wakakutana na kuzaana, na kutokana na mchanganyiko huo ukatoka utajiri wa kuchagua. Habari hii inanipendeza kwa sababu ya kikwetu. Mtu akisimama katika vilima vya huku, maji ya upande mmoja hushuka Ruvubu na Kagera, yakaingia ziwani na kwenda zake Misri. Akienda kusini kuelekea Kibondo, anakuta mito inayoingia Malagarasi, na Malagarasi huingia Tanganyika, na Tanganyika hutoka kwenda Kongo. Sisi tunaoishi mgongoni pale tumechanganyika vivyo hivyo, Wasubi, Wahangaza, Waha, Wazinza, Wasukuma. Sisemi kwamba samaki na watu ni kitu kimoja. Nasema tu kwamba sikushangaa.

"Sasa umeona," akasema mpwa wangu. "Ziwa litajaza tena."

Nilimjibu vibaya siku ile, kwa hasira ya uzee, na nimekuwa nikilitafuta jibu zuri tangu hapo. Jibu la kwanza ni la hesabu. Miaka 16,000 kwa samaki ni kufumba na kufumbua, lakini kwa watu ni vizazi zaidi ya mia sita. Nani kati yetu atasubiri mchuzi huo? Jibu la pili ni gumu zaidi, kwa maana kijana alikuwa na ukweli fulani ambao mimi sikutaka kuukubali. Furu wamerudi. Kuanzia miaka ya 1990, baada ya sangara wenyewe kuvuliwa mno, watafiti wa Mwanza walianza kuwaona tena katika maji ya wazi, hasa wale wanaokula vijidudu vinavyoelea na wale wanaokula tope la chini. Leo mtu akienda mwaloni anawapata.

Lakini ni wepi? Yupo mmoja ambaye jina lake la kitaalamu ni Haplochromis pyrrhocephalus. Zamani chakula chake kilikuwa vijidudu vinavyoelea majini. Alipokaribia kwisha na kisha akarudi, Witte na wenzake walimpima, wakakuta ni jina lile lile juu ya samaki aliyebadilika: anakula uduvi, wadudu wakubwa, hata visamaki, na mashavu yake ya kuvutia hewa yamekuwa makubwa kwa sababu maji yana hewa kidogo. Hayo yalitokea katika miaka ishirini tu. Umri wa mwanafunzi niliyemfundisha darasa la kwanza hadi anaoa.

Na kuna habari ya rangi. Mwaka 1985 furu mmoja mwekundu wa mawe ya ghuba ya Mwanza aliandikwa kwa jina la Mwalimu, nyererei, na siku hizi jina lake kamili ni Pundamilia nyererei. Ndugu yake wa karibu ni wa buluu. Majike huchagua dume kwa rangi, mwekundu kwa mwekundu na buluu kwa buluu, na kwa njia hiyo spishi mbili hukaa jirani bila kuchanganyika. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yanapochafuka jike hawezi tena kutofautisha, rangi zinafifia, na kilichokuwa viwili kinarudi kuwa kimoja. Hakuna aliyeliwa, hakuna aliyevuliwa. Zimeyeyukiana tu, kama vile mtu anavyosahau.

Huwa nawaza tope la siku zetu litasomwaje na watu wa baadaye, wakishusha bomba lao. Watakuta tabaka jembamba la furu wa kila aina, juu yake tope jeusi la mwani, mifupa ya sangara, udongo mwekundu wa mashamba. Watakuta gugumaji, lililoshuka na Kagera mwishoni mwa miaka ya 1980. Na Kagera ilileta mengine. Mwaka 1994 nilikuwa Ngara kwa siku chache mwezi wa Mei, baada ya watu kama robo milioni kuvuka daraja la Rusumo kwa siku moja mwishoni mwa Aprili. Mto chini ya daraja ulikuwa ukibeba maiti, na maiti zilikwenda ziwani, na kwa majuma kadhaa watu wa ufukoni wengi hawakugusa samaki. Sangara akaoza mialoni. Ndani ya tope hilo kitu hicho hakitakuwa na unene wa unywele. Ndiyo maana sipendi mtu anaponieleza habari ya miaka elfu kumi na sita kwa sauti ya kufariji.

Mwaka jana nilikwenda Nyamirembe kumwona mama mdogo, ambaye ndiye pekee aliyebaki katika watoto wa Bibi. Ana zaidi ya miaka themanini na macho yake bado yanatunga sindano. Nilipitia mwaloni asubuhi, nikamkuta kijana mwenye karai la furu wabichi, wengine bado wanacheza. Nilimuuliza kama ni furu. Akacheka. "Mzee, furu mbona wamejaa." Nilinunua karai zima bila kuomba apunguze bei, jambo ambalo Bibi asingelisamehe.

Mama mdogo aliketi kwenye mkeka, akavuta kisu, akaanza kuwapasua kama Bibi alivyofanya, kwa kidole gumba. Nikakaa karibu. Nilimwomba aniambie majina yao.

Alimshika wa kwanza, akamgeuza, akampanua mdomo kwa ukucha. "Huyu simfahamu," akasema, akampasua. Wa pili akamtazama kwa muda mrefu zaidi. "Huyu anafanana na wale wa tope, lakini kichwa si chake." Wa tatu, wa nne, hakusema kitu. Nilimuuliza habari za yule mrefu mwenye mdomo mpana, na yule wa konokono. Akatikisa kichwa bila kunitazama. "Hawa ni watoto wa watu wengine, mwanangu. Lakini wataliwa."

Tulikuwa tumefika nusu ya karai aliposimamisha kisu. Mkononi alikuwa na jike mdogo wa kijivu, asiye na alama yoyote, ambaye hata mimi nisingemwokota, na mashavu yake yalikuwa yamevimba. Mama mdogo akamkandamiza kidogo chini ya kidevu. Vikatokeza vijicho, vingi, vidogo kama chembe za pilipili manga.

Akaniambia niinuke haraka nikalete maji.